Biriani ya Kila Siku

Wapo wasemao kwamba mwanamke wa Kizanzibari aishiye London amenenepa kwa uvivu na ulafi. Kauli hiyo husemwa na wanaume, mara nyingi sinia la biriani likiwa mbele yao, na aliyelipika ni mwanamke huyo huyo. Ni kauli ya dhulma, tena haina ushahidi.

Ushahidi uliopo waelekea kwengine. Utafiti juu ya Waghana uliochapishwa mwaka 2016 uliwalinganisha waliobaki kwao na waliohamia Ulaya. Wanawake wenye unene wa kupindukia hawakufika 10 katika kila 100 vijijini Ghana. Mijini waliongezeka, na London walipita nusu. Asili yao ni moja. Je, uvivu hugaiwa uwanja wa ndege pamoja na viza? Kilichobadilika ni maisha.

Unguja, biriani ina siku yake: harusi, Idi, pengine Ijumaa. Siku nyengine ni muhogo, ndizi, mchicha, na samaki aliyefuatwa Darajani kwa miguu. Ughaibuni, karamu imegeuka chakula cha kila siku. Mchele, mafuta, sukari na kuku wa barafu ni rahisi. Changu na kisamvu ni ghali, na havipatikani kila duka. Mwanamke asafishaye maofisi usiku, au awauguzaye wazee wa watu, hurudi nyumbani saa za kulala, akala alichokiwahi. Nje ni baridi na kiza. Matembezi ya jioni yamebaki Forodhani.

Hata hivyo, kuilaumu ghurba peke yake ni kumvua mhamiaji akili yake. Utamaduni nao una sehemu yake, na washairi wamo. Unene umesifiwa miaka na miaka kuwa ni heba na dalili ya mke aliyetunzwa. Wembamba ukadhaniwa dhiki au maradhi. Sifa hiyo ilikuwa na maana palipokuwa na njaa. Leo humsifu mtu kwa kinachomkaribishia kisukari na shinikizo la damu.

Lipo na kosa jengine, la kudhani kwamba kupunguza mafuta ya sambusa na sukari ya chai ni kuusaliti Uswahili. Aliyeikosa bahari huishikilia sahani, na huzuni hiyo yastahiki heshima. Lakini bibi aliyechoma samaki wake makaani, akala na muhogo wa kuchemsha, hakuwa Mswahili nusu. Chakula chake ndicho cha kukumbukwa na kupikwa huko ugenini.

Kipimo kipo, wala hakihitaji hospitali. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2022 ulishauri kiuno kisifike nusu ya kimo. Uzi ukatwe sawa na kimo, ukunjwe katikati uwe nusu, uzungushwe kiunoni. Ncha zisipokutana, mwenye kiuno amekwisha kuambiwa, bila ya kejeli ya mtu.

Na mwanamume mwenye kucheka naye ana wajibu. Aingie jikoni, aoshe masufuria, awalaze watoto, mkewe apate saa moja ya kutembea. Akishindwa na hayo, na ale biriani yake kimya.