Simu za Afisi Zisichaguliwe kwa Urahisi wa Bei



Khabari zimetufikia kuwa Kamati yataka kubadili simu za mezani za afisi zetu, zipitie katika intaneti badala ya waya wa zamani. Shauri hili twaliunga mkono. Linalotutia wasiwasi ni neno linalokaririwa, kwamba simu ni simu, ichukuliwe iliyo rahisi kuliko zote.

Karani wa Wete humsomea mwenziwe wa Chake Chake uzito wa magunia. Huyu husema "sitini", yule huandika "tisini", na hesabu ya mwanachama imekwisha haribika. Si masikio mabovu. Simu ya zamani hupitisha mitetemo ya sauti baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya mlio wa "s" iko juu ya hapo, hukatwa. Simu ya intaneti yenye kipimo kiitwacho G.722 hufika 7,000, maadamu pande zote mbili zinacho. Muuzaji aulizwe hilo kwanza, wala si ukubwa wa kioo.

Jambo la pili ni umeme. Simu ya waya ilipata umeme wake kutoka stesheni ya simu, na taa zilipozimika iliendelea kusema. Ya intaneti hunyamaza pamoja na taa. Ndugu zetu wa Unguja walikaa kiasi cha miezi mitatu bila ya umeme, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Betri haiwezi miezi mitatu, lakini saa mbili tatu za kupima karafuu inaziweza. Basi zinunuliwe simu zinazopokea umeme katika waya ule ule wa mtandao, ili betri moja iliyowekwa penye swichi na kile chombo cha intaneti izilishe zote.

Tena zifuate kanuni ya SIP, zisiwe zimefungwa kwa kampuni moja. La sivyo, siku tukikosana na kampuni hiyo tutabaki na mawe ya kukandamizia karatasi.

Wako wasemao kila karani ana simu ya mkononi. Naam, na akiacha kazi huondoka nayo, na nambari waliyoizoea wanachama huondoka naye.

Twaomba zinunuliwe mbili kwanza, zijaribiwe Wete na Chake Chake wakati wa msimu, ndipo zilipiwe zilizobaki. Makatibu wa matawi na walete maoni yao kabla Kamati haijatia saini.