Mkimbizi aliyewachekesha Wamarekani

Mwaka wa 1934 kijana mmoja alisimama mbele ya balozi mdogo wa Marekani mjini Mexicali, Mexico, roho mkononi. Stakabadhi zilizotakiwa zilikuwa nyingi. Alizokuwa nazo ni chache mno. Akaulizwa kazi yake. Akajibu kwamba anaandika sinema. Balozi akazungukazunguka, kisha akapiga muhuri pasipoti na kumwambia aende akaandike sinema nzuri.

Kijana huyo ni Billy Wilder. Alizaliwa mwaka wa 1906 mjini Sucha, ambao leo uko Poland, akawa mwanahabari Vienna na Berlin kabla ya kuingilia sinema. Hitler aliposhika hatamu mwaka wa 1933, Wilder, ambaye alikuwa Myahudi, alitorokea Paris. Waliobaki yaliwafika: mamake, nyanyake na babake wa kambo waliuawa na Wanazi.

Alifika Hollywood Kiingereza kikimpiga chenga. Akajifunza kwa kusikiliza redio, hata matangazo ya besiboli. Miaka mitano baadaye, 1939, alikuwa miongoni mwa waandishi wa Ninotchka, kichekesho cha Greta Garbo.

Kilichomkera ni kuona kazi yake ikikatwakatwa. Katika Hold Back the Dawn (1941), yeye na mwenzake Charles Brackett waliandika kisa cha mhamiaji aliyekwama Mexico akingoja viza, hata akazungumza na mende chumbani. Mwigizaji Charles Boyer akakataa katakata kusema na mdudu, na sehemu hiyo ikaondolewa. Wilder akaamua kuelekeza sinema zake mwenyewe.

Baadaye, pamoja na I.A.L. Diamond, mzaliwa wa Romania, aliandika Some Like It Hot (1959) na The Apartment (1960). Hii ya pili inamhusu karani anayewaazima wakubwa wake ufunguo wa nyumba yake wakutane na vimada, ili apandishwe cheo. Utacheka, kisha utajiuliza unacheka nini. Ilimpa Wilder tuzo tatu za Oscar usiku mmoja.

Alipotunukiwa tena mwaka wa 1988, alimshukuru yule balozi. Jina alikuwa amelisahau, wema wake hakuusahau. Wilder alifariki mwaka wa 2002, akiwa na miaka 95.

Wanafunzi, wema hauozi. Nanyi mnaoketi nyuma ya meza zenye mihuri, mkumbuke kwamba hamjui ni nani amesimama mbele yenu.