Furu yetu ya makala

Kamba wakubwa wa baharini hawamo katika Ziwa Kivu, ila tilapia yuko, na furu tunayo: sufuria nzito yenye kifuniko bapa cha chuma. Tandikeni vitunguu na tomati, samaki wa chumvi na ndimu alale juu, asigandame. (Sambaza tuwaachie mafuta ya kukaanga.) Makala machache chini, mengi juu ya kifuniko, ukigeuza hivyo, chini kunaungua na juu kunabaki kubichi. Nyama ikiachana na mfupa, ameiva.

Mvua ikinyesha, tusiingize mbabula ndani na kufunga mlango. Makala mekundu, hata bila moshi, yanatoa gesi isiyonuka, inayoua watu usingizini. Tupikie barazani, hata kama bati linavuja.