Kiti cha Kilima Kitupu

Kila nifunzapo historia ya Bunge, huanzia Old Sarum, kilima chenye magofu karibu na Salisbury, Uingereza. Wakazi walianza kukihama katika karne ya 13, mji mpya ulipojengwa bondeni. Watu walihama, kiti cha ubunge hakikuhama. Mnamo 1831 wapiga kura walikuwa 11, wala hapana hata mmoja aliyeishi pale, nao walichagua wabunge 2. Wakati huo Manchester, yenye watu zaidi ya 100,000, haikuwa na mbunge wake.

Ni nani aliyenufaika? Mwenye ardhi. Thomas Pitt alikinunua kilima hicho mwaka 1691; mjukuu wake, William, akaingia Bungeni kwa kiti hicho hicho mwaka 1735. Kilifutwa kwa sheria ya 1832.

Wapo wasemao kuwa kiti hicho kilitoa kiongozi hodari. Naam, lakini hodari huyo alikuwa na nani wa kumwuliza swali? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 89, yataka mipaka ya maeneo ya ubunge ichunguzwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Walimu wenzangu, wanafunzi wasikariri tarakimu hizo tu. Waijue sababu yake: mbunge hutumwa na watu, si na udongo.