Mwacheni Rosa Apone

Kuna ulimbukeni wa kisomi unaonichosha. Mtu akifunga riwaya ya Rosa Mistika kwa hasira, akaapa kwamba Rosa hakustahili kufa, hakosi mjuzi wa kumcheka: huyo bado mtoto, anataka hadithi za "wakaishi raha mustarehe". Eti msomaji makini humeza huzuni kimya kama mseto wa malaria, na anayejitungia mwisho wake hakuelewa kitabu.

Mimi naona anayemeza kimya ndiye mara nyingi hakusoma.

Jaribu. Chukua riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, umwokoe Rosa. Kumzuia asijiue peke yake hakusaidii, maana yaliyomfikisha pale yanamngoja kesho asubuhi. Haya, mpe mume mwenye moyo. Lakini mume huyo utamtoa wapi, katika jamii inayompima msichana kwa ubikira na kumsamehe mwanamume aliyeuchukua? Rudi nyuma tena. Rudi, rudi, mpaka ujikute Ukerewe, nyumbani kwa Zakaria, siku anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Ulianza kwa kumhurumia msichana, sasa umemshika baba ukosi. Kazi hiyo yote umeifanya kwa sababu ulikataa mwisho. Mwenzako aliyeukubali ameandika "malezi mabaya" kwenye karatasi ya mtihani, akapewa alama zake, akaenda kula.

Watazamaji wa Titanic, filamu ya 1997, waligoma kwa robo karne kumzika Jack, kijana anayekufa kwenye maji baridi huku mpenzi wake akielea juu ya ubao. Ule ubao, walisema, ungewatosha wote wawili. Wakachekwa sana. Lakini sikiliza walichokuwa wakibishania: uzito, baridi ya maji, jaketi la kuokolea livaliwe na nani. Mwongozaji, James Cameron, aliyekuwa akisisitiza kwamba Jack lazima afe, hatimaye akawaingiza watu kwenye maji baridi na kuwapima, katika kipindi kilichoonyeshwa na National Geographic 2023. Jaribio mojawapo lilionyesha kwamba huenda Jack angepona. Hao ndio mnaowaita watoto!

Wajuzi wakibanwa humkimbilia Nahum Tate. Mwaka 1681 mshairi huyo aliiandika upya King Lear ya Shakespeare: mfalme akarudishiwa ufalme, bintiye Cordelia akabaki hai na kuposwa na Edgar. Toleo hilo lilitawala majukwaa ya Uingereza kwa karibu miaka 150. Nakubali, mwisho wake ni wa sukari tupu, na kumfuta yule chale wa mfalme ni kosa nisilomsamehe. Ila tazameni alikoanzia. Ili Cordelia apone, Tate alilazimika kurudi hadi onyesho la kwanza na kujiuliza kwa nini binti huyu anamjibu baba yake kwa ukavu namna ile. Akampa sababu: tayari anampenda Edgar. Jibu ni la mtu wa mapenzi ya jukwaani, sawa, lakini swali ni zuri, na wengi wanaoisifu King Lear hawajawahi kuliuliza.

Na Samuel Johnson je, mtunzi wa kamusi, aliyehariri tamthilia za Shakespeare 1765? Alikiri kwamba kifo cha Cordelia kilimuumiza hivi kwamba hakutaka kuzisoma tena kurasa zile mpaka kazi ya uhariri ilipomlazimisha. Naye hajakomaa?

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja, wanafunzi wakiijadili Rosa Mistika. Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza: ingekuwaje kama ile barua ingeangukia mikononi mwa mama badala ya baba? Darasa likalipuka, kila mtu akawa na mama yake wa kumsimulia, na wavulana wawili wakaanza kubishana kama mama angeificha au angeipeleka mwenyewe kwa mumewe, kwa woga. Mwalimu akagonga meza. Akawaambia warudi kwenye dhamira, mtihani uko karibu.