ELIMU YA NYUMBANI: Kupima ua kabla ya kununua simenti

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ndogo inayodharauliwa na wengi, nayo ni kuupima ua wa nyumba kabla ya kuutengeneza. Mtu anapojenga nyumba huhesabu mbao na mabati moja moja. Lakini zamu ya ua ikifika, autazama tu na kusema: «Magunia thelathini na matatu yatatosha.» Macho si kipimo.

Ua si kitu cha anasa. Katika vilima vya Masisi, uani ndiko mama anakoanika maharagwe na mahindi, ndiko watoto wanakochezea, ndiko wageni wanakoketi. Mvua za huko ni nyingi, na ua wa udongo hugeuka matope. Si ajabu, basi, kwamba jamaa nyingi hutamani kuusakafia. Walakini Kitshanga si mahali pa kutupa mali. Mwaka 2013 mapigano yaliteketeza nyumba nyingi hapo, na Januari 2023 watu kwa maelfu wakakimbia tena. Aliyejenga mara mbili au tatu katika maisha yake ajua vema thamani ya gunia moja la simenti lililopandishwa kwa gari kutoka Goma kwa njia ya Sake.

Tuseme mama mjane ana ua wa pembe nne, ila pande zake hazilingani, kama zilivyo nyua nyingi za milimani. Upande wa nyumba ni meta 12, wa kuume meta 10,77, wa nyuma meta 5, na wa kushoto meta 5. Fundi mmoja aja, ajumlisha pande zinazoelekeana na kuzigawanya kwa mbili. Kwa 12 na 5 apata 8,5. Kwa 10,77 na 5 apata 7,885. Kisha azidisha: meta za mraba 67. Kuzidisha kwake hakuna kosa, na huenda moyo wake hauna hila. Kilicho kibovu ni njia yenyewe. Ua usio na pembe mraba zote nne, njia hiyo huuongezea eneo daima, wala haiupunguzii kamwe.

Sasa tutazame njia ya kweli. Vuteni uzi kwa mshazari, kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea, ili ua ugawanyike kuwa pembetatu mbili. Katika ua wetu, uzi utokao mwisho wa upande wa nyumba hadi mwisho wa upande wa kushoto una meta 13. Pembe iliyo kati ya pande hizo mbili ni pembe mraba. Kwa hiyo pembetatu ya kwanza ni 12 mara 5, gawanya kwa 2, yaani meta za mraba 30. Kwa pembetatu ya pili, pimeni kimo chake, maana yake njia fupi kuliko zote kutoka pembe ya tatu hadi kwenye uzi. Hapa ni meta 4. Basi 13 mara 4, gawanya kwa 2, ni 26. Jumla ni meta za mraba 56, si 67.

Tofauti hiyo ni nini mfukoni? Sakafu yenye unene wa sentimeta 8 juu ya meta za mraba 56 yataka zege meta za ujazo 4,48. Tukitia kilo 300 za simenti katika kila meta ya ujazo, twahitaji kilo 1.344, yaani magunia 27 ya kilo 50. Kwa hesabu ya yule fundi yangekuwa magunia 33. Magunia sita bure! Wala msiseme ni akiba, kwa maana simenti ikilala katika unyevu huganda ikawa jiwe. Anayetaka akiba ya kumwagika na kupotea aongeze sehemu ya kumi kwa kusudi, juu ya kipimo cha kweli, naye atanunua magunia 30.

Yako na mambo mengine ya kuangalia. Msipime kwa hatua, kwani hatua za mrefu si za mfupi. Wala kwa kamba ya katani, kwani hubadilika urefu ikilowa. Tazameni utepe wenu: mwingi una sentimeta upande mmoja na inchi upande wa pili, na inchi moja ni sentimeta 2,54. Mkitaka kuhakikisha pembe mraba, pimeni meta 3 upande huu na meta 4 upande ule. Mshazari ukiwa meta 5 kamili, pembe ni sawa. Na kama mti wa avoka umesimama uani, toeni nafasi yake katika hesabu.

Ninyi wanafunzi, msidhani kwamba pembetatu za ubaoni ni za mtihani tu. Jumamosi hii shikeni ncha ya uzi, mama ashike ncha ya pili, mkaandike vipimo vyote karatasini pamoja na picha ya ua. Fundi akija, mwonyesheni karatasi hiyo kwa heshima na kumwomba apime tena mbele yenu. Fundi mwaminifu hatachukizwa, bali atafurahi, kwa kuwa hesabu inayoweza kupimwa na mtoto humkinga yeye na lawama, na humkinga mjane na hasara.