Mchezo wa rangi ni somo, tusiuzime

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Sisi walimu tuliokula chumvi twapenda kuwarudia wanafunzi methali hiyo, ila nakiri kwamba siku moja niliisaliti.

Katika shule moja niliyofundisha, nilimkuta msichana wa kidato cha pili nyuma ya maktaba. Alikuwa ameokota vipande viwili vya akriliki, ile plastiki ngumu ipenyezayo nuru ambayo mafundi wa mabango huikata na kutupa mabaki yake. Kimoja kilikuwa cha manjano, kingine cha samawati. Alivipandanisha mbele ya kamera na kumpiga picha mwenzake aliyejifunga leso nyekundu kwa ajili ya onyesho la mitindo. Aliponiona hakukimbia. Aliniuliza, "Mwalimu, mbona leso imekuwa nyeusi?"

Nilimwamuru avitupe vipande hivyo, akafungue kitabu. Juma lililofuata nilifundisha sura ya nuru, nikachora miduara ya rangi ubaoni. Aliinakili kimya. Muhula huo hakuuliza swali jingine.

Jibu nililomnyima ni hili. Kipande cha manjano huizuia nuru ya buluu. Cha samawati huizuia nyekundu. Vikipandanishwa, inayosalia kupita ni ya kijani pekee, na leso nyekundu haina kijani cha kuakisi. Hata ngozi zetu za kahawia hufifia hapo, kwa kuwa huakisi nyekundu zaidi ya buluu. Isitoshe, akriliki isiyo na rangi yoyote hupitisha takriban asilimia 92 ya nuru; vipande vitatu vikipangwa, zaidi ya sehemu moja kwa tano imekwisha kupotea. Mpiga picha hana budi kulipanua tundu la lenzi au kuliacha wazi muda mrefu zaidi. Je, hiyo si fizikia?

Historia nayo yashuhudia. Mwaka wa 1861, mwanafizikia James Clerk Maxwell aliwaonyesha wasomi wa London picha ya rangi iliyotokana na picha tatu, kila moja ikiwa imepigwa kupitia kichujio cha rangi yake: nyekundu, kijani na buluu. Kilichopigwa picha kilikuwa utepe wa kitambaa! Miongo kadhaa baadaye, Erwin Blumenfeld, mzaliwa wa Berlin aliyehamia New York mwaka wa 1941, alijipatia sifa katika picha za mitindo kwa kuwaweka warembo nyuma ya vioo vyenye mifuo na kuwamulika kwa taa za rangi. Jalada la jarida la Vogue la Machi 1945, ambapo mwanamitindo amefifia nyuma ya msalaba mwekundu, lilikuwa wito wa kulisaidia shirika la Msalaba Mwekundu wakati wa vita. Nani atathubutu kuuita huo upuuzi?

Yamkini msomaji atasema kwamba siku hizi simu hubadilisha rangi kwa mguso mmoja wa kidole. Ni kweli, na sina ugomvi na simu. Lakini simu humpa mwanafunzi rangi bila kumwachia swali. Kipande cha plastiki humkaidi, kikamlazimu kukisogeza, kukiinamisha ili kisiakisi dirisha, na hatimaye kuuliza kwa nini.

Mtaala wa umilisi umeipa sanaa mkondo wake katika sekondari pevu. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hofu yangu ni kwamba mkondo huo waweza kugeuka ukuta, mwanasanaa akaambiwa kwamba nuru si yake, na mwanasayansi akaambiwa kwamba leso si yake. Nawarai walimu wenzangu wa masomo hayo mawili wakutane angalau mara moja kwa muhula mbele ya dirisha moja, wakiwa na mabaki ya akriliki na kipande cha kitambaa.

Nanyi wanafunzi, mkifukuzwa na mwalimu mwenye haraka kama nilivyokuwa mimi, yahifadhini maswali yenu. Yule msichana alikuwa na haki ya kujibiwa siku ile ile.